Wasusi Watatu na Kisahani cha Ushanga

Kwa mama yangu kipenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kiti chako cha pale mlangoni, miwani imeshuka puani, miguu haisumbui na kifua kimetulia. Wasalimie kaka na wifi, na uwabusu watoto wao hata kama wamejipaka matope. Wale kuku wako wezi nao wape salamu zangu, najua bado wanaingia jikoni kama wenye nyumba. Mimi ni mzima. Tena nikisema mzima naona nimepunguza mno, kwa sababu leo nina furaha mpaka kiti hakinikalishi. Nimeandika mistari hii michache na tayari nimeinuka kuchungulia dirishani bila sababu yoyote, nikarudi, nikacheka peke yangu.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia badala ya kupiga simu. Sababu ya kwanza unaijua vizuri kuliko mimi. Kila nikitaja hospitali kwenye simu, mtandao wa huko kwako huharibika papo hapo. Kaka ameniambia kwamba mtandao hauna tatizo lolote, tatizo ni kidole chako kwenye kile kitufe chekundu. Barua haina kitufe, mama. Sababu ya pili nitaisema huko mwisho, na nakuomba kwa heshima zote usiruke kurasa ukaenda kuitafuta.

Habari yangu kubwa ni ya mikono. Unakumbuka nilivyolalamika kwamba kidole gumba na viwili vya jirani yake vinaingia ganzi nikilala, mpaka naamka nakung'uta mkono? Ulinijibu kwamba ni kazi tu na ni umri, kwamba mkono wa msusi ndivyo ulivyo, nipake mafuta ya moto nilale. Nilipaka, mama. Nilipaka mpaka shuka zikanuka kama duka la dawa. Ganzi ikawa inakuja hata mchana, mteja yuko kitini, nimeshafika nusu ya kichwa, na ghafla vidole havijui kama vimeshika nywele au vimeshika hewa. Kitana kikawa kinaniponyoka. Mara ya kwanza unacheka na mteja, mara ya pili unasema mafuta yamezidi mkononi, lakini baada ya hapo mteja naye anaanza kukutazama kwenye kioo.

Saluni yetu unaijua kwa maelezo yangu tu, kwa hiyo ngoja nikuingize ndani. Ni chumba kirefu juu ya duka la viatu, kina viti vitatu mbele ya vioo, na dirisha ni moja tu huko mwisho. Kiti cha dirishani tunakigombea sote, maana kina mwanga na upepo, na ukichoka unapata kuona watu barabarani. Tuko wasusi watatu. Mimi unanijua. Wa pili ni Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye mkono mwepesi kuliko wote, anayesuka huku anasinzia na mstari haupindi. Wa tatu tunamwita Kasuku, na nadhani sina haja ya kueleza kwa nini. Bosi wetu ni mama mmoja mkali kidogo, si mbaya, lakini amezoea kusema kwamba msusi anayedondosha vitu atahamishiwa kwenye beseni la kuosha nywele. Basi kila mmoja wetu alikuwa na siri yake na anaificha kwa mwenzake.

Siri zenyewe zilifichuka kwa namna ya kuchekesha. Siku hiyo kitana kilinidondoka kwa mara nyingine, nikamwambia mteja naenda kuchukua taulo. Huko nyuma kuna chumba kidogo cha taulo, hakina nafasi hata ya kugeuka. Nikafungua mlango, nikamkuta Mama Pacha amesimama gizani anakung'uta mkono wake kama mtu aliyetoka kunawa akakosa pa kufutia. Tukatazamana. Nikasimama kando yake nikaanza kukung'uta wangu. Haukupita muda, mlango ukafunguliwa tena, akaingia Kasuku na tumbo lake la mimba, mkono juu, naye anakung'uta! Mama, tulicheka mpaka tukakaa chini juu ya taulo. Mteja wangu alikuja kututafuta na nusu ya kichwa chake ikiwa wazi, akatukuta tumeshikana mikono tunatokwa machozi, akadhani kuna msiba.

Siku ya mapumziko tukafunga safari, wote watatu, kwa daktari. Ni mwanamke mfupi, anaongea haraka, na macho yake hayatoki kwenye mikono ya mtu. Alitukunja vifundo, akatugongagonga kwa ncha ya kidole, akatugusa vidole kwa pamba tukiwa tumefumba macho. Akauliza kama tuna sukari, kama tuna matatizo ya tezi, akamtazama Kasuku tumbo akasema hilo halihitaji kuulizwa. Kisha akatueleza kwamba pale kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganjani, kuna njia nyembamba. Ndani yake inapita mishipa ya kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, ule unaokipa hisia kidole gumba na majirani zake. Ukikunja mkono siku nzima mwaka hadi mwaka, njia inabana, na mshipa wa fahamu unakandamizwa. Mimba nayo inaweza kuleta hali hiyo kwa sababu mwili unavimba maji. Kumbe si umri tu mama, wala si mafuta ya moto yaliyopungua.

Nilimuuliza swali moja tu kabla ya mengine yote, nalo nililiuliza kwa ajili yako. Nilimuuliza kama atatupasua. Nilikuwa nawaza mkono wa mama mkubwa, ule uliopasuliwa zamani ukabaki umekunjamana, na nawaza jinsi unavyogeuza uso kila unapotajwa. Daktari alicheka, akasema kuna mambo mengi ya kujaribu kabla ya kisu, na kwamba watu wengi hawafiki huko kabisa. Hapo roho yangu ikashuka, nikaanza kusikiliza kwa masikio yote mawili.

Akatupangia kila mmoja kwa hali yake. Kasuku, kwa kuwa ni mjamzito na hali yake haijawa mbaya, akapewa kile kifaa cha kuvaa mkononi, bandeji ngumu yenye kipande cha bati ndani kinachozuia kifundo kisijikunje. Anakivaa usiku, kwa sababu tukilala tunakunja mikono bila kujua, na ndiyo maana ganzi inatuamsha. Mama Pacha yeye alikuwa hapati usingizi kabisa, akachagua sindano, dawa inayoingizwa pale pale kwenye kifundo kupunguza uvimbe. Mimi nikapewa kifaa kama cha Kasuku na nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo kufundishwa mazoezi ya vidole. Vile vidonge vya maumivu nilivyokuwa natafuna kama karanga, daktari alisema havifungui njia yoyote. Na zile chupa za vitamini anazouza mteja wetu mmoja, eti za kuamsha mishipa, alisema hajaona ushahidi kwamba zinaponya jambo hili. Mama Pacha akausukuma mkoba wake chini ya kiti, maana alikuwa nazo mbili humo.

Tukiwa njiani kurudi, Kasuku hakuweza kuvumilia. Akatangaza kwamba haya sasa ni mashindano. Kila mmoja ana dawa yake, tutaona ya nani inashinda, na mshindi atachukua kiti cha dirishani moja kwa moja, bila kugombana tena. Kipimo alikibuni yeye mwenyewe. Tunazo shanga za kupamba nywele, kubwa na ndogo. Utafumba macho, uokote ushanga kwenye kisahani kwa kidole gumba na cha shahada, useme kama ni mkubwa au mdogo. Hakimu ni mteja yeyote aliyeko kitini. Sharti moja tu: anayepasuliwa ametoka mashindanoni. Nililikubali sharti hilo kwa shangwe kuliko wote.

Mama, saluni yetu haijawahi kuchangamka namna ile! Wateja walianza kuja mapema wapate kushuhudia. Kila asubuhi kisahani kinatolewa, macho yanafumbwa, mtu anapapasa, na kelele zinasikika mpaka kwa wauza viatu huko chini. Kile kifaa cha usiku tukakibatiza jina la askari, kwa sababu kinafanya zamu sisi tumelala. Hata bosi, aliyeanza kwa kununa na kusema tunacheza kazini, nilimkuta siku moja ameinama kwenye kisahani peke yake, macho kayafumba, anajipima kimyakimya.

Mama Pacha ndiye aliyeanza kutamba. Siku ya sindano alitutia aibu, alipiga kelele kabla hata haijamgusa, na siku mbili za mwanzo mkono ulimuuma akamlaani kila mtu. Lakini baada ya muda mfupi, mama, alikuja kazini anacheza. Amelala usiku kucha. Alifumba macho akaokota ushanga mmoja baada ya mwingine, mdogo, mkubwa, mkubwa, mdogo, hakukosa hata mmoja. Akabeba vitana vyake akahamia dirishani bila kusubiri uamuzi.

Mimi sasa. Mimi na askari wangu tulikuwa tunapigana. Kila nikiamka vidole vimevimba, ganzi imezidi ilivyokuwa. Nikaanza kusema kifaa ni cha uongo. Nilipokwenda kwa yule mtaalamu wa viungo, bwana mmoja mpole mwenye mikono mikubwa, aliona alama nyekundu zimenizunguka kifundo. Akaniomba nivae askari mbele yake kama ninavyovaa nyumbani. Nikavaa. Nikavuta ule mkanda, nikaukaza, nikauvuta tena. Akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia mimi ni msusi, aliinamisha kichwa akacheka kwa heshima. Kumbe nilikuwa najisuka mkono, mama! Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mstari uliolegea ni aibu ya msusi, na mimi sijui kufunga kitu chochote nusunusu. Nilikuwa naukaba mshipa ule ule niliotaka kuuokoa. Akanilegezea mkanda mpaka kidole kikapita chini yake, akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilirudi na habari hiyo saluni, na Kasuku akakagua wake, akaukuta umekazwa vilevile. Aliulegeza papo hapo, huku akimlaumu askari.

Baada ya kulegeza, mambo yakawa afadhali. Nikaanza kulala. Mazoezi nayo nikayashika: unanyoosha vidole, unavikunja kama ndoano, unafunga ngumi, unanyoosha tena, polepole bila kulazimisha. Nilikuwa nayafanya kati ya mteja na mteja, na mteja mmoja mzee akadhani ni dansi, akayafuatisha yote mpaka mwisho. Mtaalamu hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mazoezi peke yake husaidia kidogo tu, lakini yakienda pamoja na askari na mapumziko ya mkono, yana maana.

Kasuku akatupita sote kwa njia isiyotarajiwa. Alivaa askari wake, akapata nafuu ya wastani, kisha akajifungua binti mzuri mwenye mapafu kama ya mama yake. Baada ya majuma machache alikuja kututembelea, mtoto begani, akadai kisahani. Macho akayafumba, ushanga wote akaupatia. Ganzi ilikuwa imeondoka na ule uvimbe wa mimba. Alidai kiti cha dirishani pale pale! Mama Pacha akakataa, akasema kushinda kwa kuzaa si kushinda, labda sote tupewe nafasi hiyo. Walibishana mpaka mtoto akalia, na mteja aliyekuwa hakimu akasema shauri liahirishwe.

Na kweli liliahirishwa, kwa sababu miezi ilipopita mkono wa Mama Pacha ulianza kunong'ona tena. Alificha. Tulimjua alipoanza kusema kisahani kimemchosha. Daktari hakushangaa, alisema sindano ina haraka ya kuleta nafuu lakini kwa wengi ugonjwa hurudi, na si kitu cha kuchomwa kila mara kama chanjo ya kuku. Akampa askari naye, akamwambia apunguze vichwa na apumzike kati ya kimoja na kingine. Hapo Mama Pacha akatii, na sasa hajambo kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza mama, ipi dawa bora, nitakujibu kama daktari alivyonijibu: ile inayofuata hali ya mkono wenyewe, na mkono unaoletwa mapema una nafasi kubwa kuliko ulioletwa umechelewa.

Sasa nakuja kwako. Tafadhali usikunje barua.

Mara ya mwisho uliponisuka, nilikuwa nimekaa chini katikati ya magoti yako kama nilivyokaa tangu mtoto. Ulifika nyuma ya sikio la kushoto, mstari ukapinda. Ukaufumua, ukausuka tena, ukapinda tena. Ukaweka kitana chini ukasema umechoka na nywele za watu, umesuka maisha yako yote, inatosha. Kila mtu nyumbani aliamini. Wifi aliniambia baadaye kwamba mama amekuwa mvivu wa hasira, anavunja vikombe kisha anagomba. Mimi pia niliamini, mpaka siku ile kwenye chumba cha taulo. Nilipomwona Mama Pacha anakung'uta mkono gizani, nilikuona wewe. Nimekuona ukifanya hivyo jikoni, mgongo umetugeuzia, miaka mingi. Hukuchoka na nywele, mama. Vidole ndivyo vilivyokuacha, nawe ukaona bora tukuite mvivu kuliko kukuona unashindwa.

Nilimweleza daktari habari zako bila ruhusa yako, na kwa hilo utanigombeza vya kutosha. Nilimwambia kwamba ganzi yako haiondoki tena mchana wala usiku, kwamba kifungo cha gauni anakufungia wifi, na kwamba ile nyama ya chini ya kidole gumba imebonyea. Hapo aliacha kuandika akanitazama. Alisema hawezi kumpima mtu kwa maneno ya binti yake, lakini dalili hizo hazifai kungojwa. Mkono wa hivyo unaweza kuwa umeshapita hatua ya askari na sindano, na kila mwezi unaopita ni hasara isiyorudi.

Mama, vuta pumzi. Sasa nakwambia lile nililolificha.

Mimi nimetolewa mashindanoni.

Askari alinisaidia kulala, lakini kisahani kilinishinda kila siku. Nilichomwa sindano nami. Nikapata majuma ya raha, nikapiga chuku kwa kila mtu, kisha ganzi ikarudi na virago vyake vyote. Siku moja nilitazama viganja vyangu kwenye kioo cha saluni, nikaona chini ya kidole gumba cha kulia pameanza kubonyea. Niliuona mkono wako, mama, umewekwa mwishoni mwa mkono wangu. Daktari akanipima kwa ile mashine ya umeme mdogo, akasema mshipa umebanwa vibaya kwa sababu nilichelewa kwenda. Nilichelewa nikipaka mafuta ya moto. Basi nikalia kidogo, nikapangusa uso, nikamwambia anipasue.

Ile semina ya nywele niliyokuambia nimekwenda haikuwepo. Nilikuwa kitandani hospitali. Kaka alijua, nilimwapisha, usimwonee. Sikulazwa usingizi hata kidogo. Waliutia ganzi mkono, wakaweka pazia dogo nisione, na kazi yenyewe ilikwisha wakati mimi nabishana na muuguzi kuhusu nywele zake, maana alikuwa amesukwa vibaya kisogoni na sikuweza kunyamaza. Daktari aliniomba nitulie angalau mpaka amalize kushona. Nilirudi kulala nyumbani jioni hiyo hiyo. Kidonda kiliuma, sitakudanganya, na kiganja bado kinauma nikiegemea meza. Ncha ya kidole gumba bado imelala kidogo, na daktari hajaniahidi kwamba itaamka yote. Nasuka vichwa vifupi tu kwa sasa. Lakini mkono haukukunjamana. Kuhusu mama mkubwa nilimuuliza daktari, akasema hawezi kujua alipasuliwa kwa sababu gani, na ukweli ni kwamba hata sisi hatujui. Tumekuwa tukiogopa kitu tusichokijua jina.

Na hii sasa ndiyo ile sababu ya pili ya kukuandikia. Rudi juu, mama, utazame mwandiko. Barua yangu ya mwisho ulisema ni kama kuku amekanyaga wino akakimbia. Hii nimeiandika kwa mkono wa kulia, mkono uliopasuliwa, kurasa hizi zote, na sijaweka kalamu chini kuukung'uta hata mara moja. Niliposimama nilisimama kwa furaha tu. Juzi niliomba kisahani. Nilifumba macho, nikagusa, nikasema mdogo. Mteja akasema ni mdogo. Saluni nzima ilipiga makofi, bosi akiwa wa kwanza, na Kasuku akakumbusha kwa sauti kubwa kwamba sihesabiwi, sharti ni sharti.

Kiti cha dirishani kwa hiyo hakina mshindi. Tulikaa tukashauriana, Mama Pacha akatoa hoja na sote tukaikubali, kwamba kiti kibaki kitupu kwa ajili ya mshindani wa nne ambaye hajafika. Daktari anakutarajia wiki ijayo, na kaka amekubali kukuleta. Sikuombi ukubali kisu, mama. Nakuomba ukubali kupimwa tu. Mengine utaamua mwenyewe, na safari hii nitakuwa upande wako wa kitanda, au upande wako wa mlango tukitoka.

Njoo na kile kitana chako cha meno mapana. Tangu nilipofungua bandeji Mama Pacha ananiomba anisuke, Kasuku ananiomba, hata bosi ameona aibu msusi wake kukaa saluni na kichwa cha namna hii, wateja wanauliza kama nimefilisika. Nimewakatalia wote. Ule mstari wa nyuma ya sikio la kushoto uliuacha wewe, na hakuna mtu mwingine nitakayemruhusu aumalizie. Hata ukipinda, mama, nitatembea nao hivyo hivyo barabarani.

Msalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia mkumbushe. Nakuaga nikikushika mikono yote miwili, taratibu.

Ni mimi mwanao, kitindamimba wako,
mwenye nywele timtim.